Mazoezi ya wagonjwa wa moyo: Bidhaa bora inayododa sokoni

Na Mwandishi Wetu

MFANYABIASHARA yeyote anajua kwamba bidhaa hudoda kwa sababu kuu tatu: ubora hafifu, bei kubwa, au mnunuzi kutojua kwamba ipo. Katika soko la huduma za afya kuna bidhaa moja ambayo ubora wake umepimwa kwa zaidi ya miaka 40 na bei yake ni ndogo ikilinganishwa na upasuaji, lakini imedoda hata katika nchi tajiri.

Bidhaa hiyo ni mazoezi ya utengamao wa moyo. Ni mpango maalumu wa mazoezi ya mwili anaopewa mtu aliyepata shambulio la moyo, aliyezibuliwa au kupandikizwa mishipa ya moyo, au ambaye moyo wake umechoka na hausukumi damu inavyopasa. Lengo ni kumrudishia nguvu zake hatua kwa hatua, chini ya uangalizi wa wataalamu.

Nchini Marekani, Medicare, ambayo ni bima ya serikali inayowahudumia hasa wazee wa miaka 65 na kuendelea, imekuwa ikilipia mazoezi hayo tangu mwaka 1982. Hata hivyo, hesabu zilizochapishwa mwaka 2020 zilionyesha kwamba kati ya wanachama zaidi ya 366,000 waliostahili huduma hiyo mwaka 2016, walioanza ni asilimia 24.4 tu. Kati ya hao walioanza, waliofikisha vipindi 36 ni asilimia 26.9.

Kwa lugha ya dukani, kati ya wateja 100 ambao mzigo wao ulikuwa umelipiwa sehemu kubwa, waliokwenda kuuchukua ni 24, na waliouchukua wote hawakuzidi saba.

Habari hii inamhusu msomaji wa ukurasa huu kwa njia mbili. Kwanza, biashara nyingi za Afrika Mashariki zinasimama juu ya mtu mmoja. Ndiye anayejua nani anadaiwa, mzigo umefika wapi na ni tajiri gani wa jumla anayekubali kukopesha. Mtu huyo akianguka akiwa na miaka 62, hasara haiishii kwenye bili ya hospitali. Inaendelea kwa miezi yote ambayo hana nguvu ya kupanda ngazi za stoo yake mwenyewe.

Pili, wapo wenye akiba wanaotafuta mahali pa kuiwekeza, na kila mara wanaambiwa kwamba huduma za afya zinalipa. Wote wawili wanapaswa kujua kwa nini bidhaa hii inadoda.

BIDHAA YENYEWE

Mpango wa kawaida nchini Marekani ni vipindi 36, mara nyingi vitatu kwa wiki, kila kimoja cha saa moja hivi. Medicare inaruhusu vipindi hivyo vikamilishwe ndani ya wiki 36, kwa hiyo mtu aliyesafiri au kuugua kidogo hapotezi haki yake.

Mgonjwa hupimwa kwanza ili ijulikane moyo wake unamudu kazi kiasi gani. Kila anapofika hupimwa presha na mapigo ya moyo, kisha hupasha mwili taratibu. Baada ya hapo hutembea kwenye mashine au kuendesha baiskeli isiyokwenda kwa dakika 20 hadi 40, na humaliza kwa kupunguza mwendo kidogo kidogo. Kadiri siku zinavyokwenda huongezewa vyuma vyepesi kwa ajili ya misuli. Pamoja na mazoezi hupewa mafunzo kuhusu dawa, chakula, kuacha sigara, na namna ya kuishi na hofu ambayo humbaki mtu aliyenusurika.

Mazoezi haya hayazibui mshipa kama bomba linavyozibuliwa. Kinachobadilika zaidi ni mwili wote unaozunguka moyo. Misuli ya miguu ikizoea kazi huvuta oksijeni kutoka kwenye damu kwa ufanisi zaidi, na hivyo moyo humudu kazi ileile kwa mapigo machache na presha ndogo. Ngazi zilizokuwa zikimbana mtu kifua zinakuwa nyepesi.

Wazo hili halikukubaliwa kwa urahisi. Hadi katikati ya karne ya 20, aliyepata shambulio la moyo alilazwa kitandani kwa wiki kadhaa bila ruhusa ya kunyanyuka. Mwaka 1952, madaktari Samuel Levine na Bernard Lown wa Boston waliandika kuhusu wagonjwa waliokalishwa kwenye kiti mapema badala ya kulazwa muda wote. Wakati huo lilikuwa jambo la kushangaza.

Mwaka uliofuata, Jerry Morris na wenzake walichapisha hesabu za wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa ya London. Makondakta, ambao walipanda na kushuka ngazi kutwa nzima, walipata maradhi ya moyo kwa kiwango kidogo kuliko madereva, ambao walikaa kwenye usukani. Msomaji anayekaa nyuma ya kaunta tangu asubuhi mpaka jioni anaweza kujua mwenyewe yuko upande gani.

UBORA WAKE

Mwaka 2021 ulitolewa uchambuzi wa pamoja wa tafiti 85 zenye wagonjwa zaidi ya 23,000 wa mishipa ya moyo. Katika tafiti hizo, baadhi walipewa mazoezi na wengine walibaki na matibabu ya kawaida. Vifo vinavyotokana na moyo na mishipa vilipungua kwa takriban robo katika kundi la mazoezi. Mashambulizi mapya ya moyo yalipungua pia, pamoja na idadi ya watu waliolazwa tena.

Uchambuzi uliotangulia, wa mwaka 2016, unasaidia kuweka jambo hilo katika hesabu ya kawaida. Kati ya kila wagonjwa 100 wasiofanya mazoezi, kama 31 walirudi kulazwa hospitali. Kati ya 100 waliofanya, waliorudi ni 26. Watu watano katika mia si wengi kwa kusikia, lakini kila mmoja wao ni familia ambayo haikuuza kiwanja.

Ni haki kusema pia kile ambacho hakikuonekana. Vifo vya sababu zote kwa jumla havikupungua kwa namna ya wazi katika chambuzi hizo. Anayeuza mazoezi haya kwa ahadi kwamba kila mnunuzi ataishi miaka mingi zaidi anaongeza chumvi.

Jambo jingine ni kipimo. Mwaka 2010 zilichapishwa hesabu za wanachama wa Medicare 30,161 waliohudhuria angalau kipindi kimoja kati ya mwaka 2000 na 2005. Waliomaliza vipindi 36 walikuwa na hatari ya kufa iliyo pungufu kwa asilimia 14 kuliko waliofanya 24, asilimia 22 kuliko waliofanya 12, na asilimia 47 kuliko waliofika mara moja tu.

Takwimu hizo zisomwe kwa uangalifu, kwa kuwa mtu mwenye nafuu tangu mwanzo ndiye mwenye uwezo wa kuendelea kuhudhuria. Hata hivyo, mwelekeo ni uleule: nusu dozi haileti faida ya dozi nzima.

WAZEE WANAWEZA?

Kuna imani kwamba mazoezi ni ya vijana, na kwamba mzee aliyeugua moyo astarehe. Imani hiyo ni ghali. Mzee akilala siku chache hupoteza misuli upesi kuliko kijana, na akitoka hospitali anaweza kushindwa kunyanyuka kitini bila kushikwa mkono. Hapo moyo unaweza kuwa umetibiwa vizuri, lakini mwenyewe hawezi tena kwenda sokoni.

Mwaka 2025 yalitangazwa matokeo ya utafiti uliofanyika Italia kwa wagonjwa 512 wa miaka 65 na zaidi, nusu yao wakiwa wamefika miaka 80 au kuipita. Wote walikuwa wamepata shambulio la moyo, na mwezi mmoja baadaye walikuwa bado dhaifu wa mwili. Kundi moja lilipewa mazoezi, ushauri wa chakula, na udhibiti wa presha, sukari na mafuta katika damu. Kundi jingine lilipewa huduma ya kawaida.

Baada ya mwaka mmoja, waliokufa kwa maradhi ya moyo na mishipa au kulazwa ghafla kwa sababu hiyo walikuwa asilimia 12.6 katika kundi la mazoezi na asilimia 20.6 katika kundi jingine. Hao ni wazee wa umri ambao wengi wetu tungewaambia wakae kivulini.

Kwa wale ambao moyo wao umeshindwa kusukuma damu, hali ni tofauti kidogo. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2021 ulihusisha wagonjwa 349 wa miaka 60 na zaidi waliokuwa wamelazwa kwa tatizo hilo, karibu wote wakiwa wameanza kudhoofika au wamekwisha kudhoofika. Mazoezi yao yalilenga mambo manne: kusimama bila kuyumba, nguvu za misuli, wepesi wa kutembea, na ustahimilivu.

Baada ya miezi mitatu, katika kipimo cha kusimama, kutembea na kunyanyuka kitini ambacho alama zake za juu ni 12, waliofanya mazoezi walipata 8.3 na wenzao 6.9. Idadi ya kulazwa tena haikutofautiana kwa kiasi cha kuhesabika. Kwa maneno mengine, mzee alinunua uwezo wa kujihudumia, lakini hakununua uhakika wa kutorudi wodini. Kwa mtu anayetaka kuoga, kuvaa na kufika msikitini au kanisani kwa miguu yake, hiyo si faida ndogo.

KWA NINI INADODA

Kama ubora upo, tatizo liko wapi? Jibu la kwanza liko kwa muuzaji. Hospitali ya Marekani hulipwa makumi ya maelfu ya Dola kwa upasuaji wa kupandikiza mishipa ya moyo. Kwa kipindi kimoja cha mazoezi, malipo ya Medicare kwa hospitali katika miaka ya karibuni yamekuwa kati ya Dola 100 na 150. Ukumbi, wauguzi na saa za kazi zinazohitajika ni nyingi, na faida inayobaki ni ndogo.

Serikali ya nchi hiyo iliona upungufu huo. Mwanzoni mwa mwaka 2017 ilitoa kanuni za mpango wa majaribio ambao ungeziongezea hospitali zilizochaguliwa Dola 25 kwa kila kipindi katika vipindi 11 vya mwanzo, na Dola 175 kwa kila kipindi kilichofuata ndani ya muda uliowekwa. Nia ilikuwa hospitali isimwachie mgonjwa njiani. Mpango huo ulifutwa Novemba mwaka huohuo kabla haujaanza.

Jibu la pili liko kwa mnunuzi. Bima hulipa asilimia 80 na mgonjwa asiye na bima ya ziada hulipa 20, tena kila anapofika. Juu ya hapo kuna nauli mara tatu kwa wiki, na mtoto au mjukuu aliyeacha kazi ili amsindikize. Gharama iliyo kubwa kuliko zote haiandikwi kwenye risiti, nayo ni muda.

Jaribio moja katika jimbo la Vermont, lililochapishwa mwaka 2019, liligusa hapo hapo. Wagonjwa 130 wa kipato cha chini waligawanywa makundi mawili, na kundi moja likalipwa fedha kwa kila kipindi walichohudhuria. Waliomaliza mpango katika kundi lililolipwa ni asilimia 55.4, na katika kundi jingine asilimia 29.2. Posho ya mahudhurio ilikaribia kuongeza wamalizaji mara mbili.

Jibu la tatu ndilo rahisi kuliko yote: mnunuzi haambiwi. Utafiti wa mwaka 1992, pia wa Vermont, uliwafuatilia wagonjwa wa moyo wa miaka 62 na zaidi. Walioingia kwenye mazoezi ni asilimia 21 tu, na kilichoamua zaidi ni jinsi daktari wao alivyolisisitiza jambo lenyewe. Daktari aliyelitaja kwa kupita alipata mgonjwa aliyelisahau.

Katika jimbo la Ontario, Kanada, hospitali zilipimwa kwa namna zinavyowapeleka wagonjwa, na matokeo yalichapishwa mwaka 2011. Pale ambapo kila kitu kiliachwa kwa kumbukumbu ya daktari, walioanza mazoezi hawakufika 30 katika 100. Pale ambapo barua ilitoka yenyewe mgonjwa anaporuhusiwa, na mtu akaenda kitandani kumweleza, walioanza walizidi 70. Hakuna dawa mpya wala mashine iliyoongezwa hapo. Kilichoongezwa ni karatasi na mazungumzo.

HESABU YA HAPA KWETU

Uchunguzi wa kimataifa uliochapishwa mwaka 2019 ulikuta huduma hii katika nchi 111 kati ya 203, na Afrika ilikuwa nyuma kuliko kanda zote. Wakati huohuo, upande wa matibabu yenyewe umesogea. Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete ya Dar es Salaam, iliyoanzishwa mwaka 2015, huzibua mishipa na kufanya upasuaji wa moyo, na Nairobi pia zipo hospitali zinazofanya hivyo. Watu wengi zaidi sasa wanatoka hospitali wakiwa hai na mishipa iliyotengenezwa. Swali linalobaki ni nini kinafuata baada ya hapo.

Kwa mgonjwa aliye mbali na kituo kuna habari njema. Uchambuzi wa mwaka 2023 wa tafiti 24 ulilinganisha mazoezi ya nyumbani yanayoongozwa na mtaalamu na yale ya kituoni, na matokeo yakakaribiana. Lakini neno la msingi ni "yanayoongozwa". Mgonjwa alipimwa kwanza, akapewa kiwango chake, na alifuatiliwa kwa simu au kwa ziara. Kujiamulia peke yako ni jambo jingine kabisa.

Kwa hiyo, msomaji mwenye mgonjwa wa moyo nyumbani, au aliye mgonjwa mwenyewe, asitoke hospitali kabla hajauliza maswali manne. Je, mimi nafaa kwa mazoezi, na lini nianze? Nitembee dakika ngapi na kwa kasi gani? Dalili zipi zikitokea nisimame? Na nani atanifuatilia? Majibu yaandikwe kwenye karatasi, kama yanavyoandikwa masharti ya mkopo.

Kwa mwenye mtaji mdogo anayefikiria kufungua kituo cha namna hii, ajue kwamba hesabu yake si ya ukumbi wa mazoezi wa kawaida. Ukumbi wa kawaida hupata faida hata kwa wanachama wanaolipa ada ya mwezi na kutokuja. Kituo cha moyo kinacholipwa kwa kila kipindi hupata hasara kila kiti kinapokaa tupu. Mashine za kutembelea ni sehemu ndogo ya mtaji. Sehemu kubwa ni muuguzi na mtaalamu wa viungo waliofunzwa, daktari wa moyo anayefikika, na kifaa cha kuushtua moyo uliosimama.

Kabla ya kununua baiskeli hata moja, mwekezaji apate vitu viwili mkononi: makubaliano na hospitali itakayomletea wagonjwa, na makubaliano na bima au waajiri watakaolipa. Uzoefu wa Marekani unaonyesha kwamba hata malipo ya bima peke yake hayatoshi kujaza ukumbi. Anayeanza na mashine atabaki nazo.

TAHADHARI

Wengi huogopa kwamba mazoezi yenyewe yataua. Nchini Ufaransa, hesabu za wagonjwa zaidi ya 25,000 katika vituo 65, zilizochapishwa mwaka 2006, zilionyesha tatizo moja kubwa la moyo kwa takriban kila saa 50,000 za mazoezi yaliyosimamiwa. Usalama huo ni wa waliopimwa na kuangaliwa, na si wa anayeamka kesho na kukimbia.

Maumivu au mbano wa kifua, kizunguzungu, kuhema kusiko kwa kawaida, au moyo kwenda mbio bila mpangilio ni sababu ya kusimama mara moja na kutafuta msaada. Kwa mwenye moyo uliochoka, kuvimba miguu au kuongezeka uzito ghafla kwa siku chache kunahitaji daktari kabla ya mazoezi mengine. Aliyepasuliwa kifua asinyanyue mizigo mpaka aruhusiwe, kwa kuwa mfupa huchukua wiki kadhaa kuunga. Na anayetumia dawa za kupunguza mapigo asifuate viwango vya mapigo vya watu wazima wa afya, kwa sababu dawa hizo hubadilisha hesabu. Kwa wengi, kipimo chepesi ni kuweza kuongea bila kukatika pumzi.

Mwisho ni hesabu ya muda, ambayo ndiyo inayowashinda wengi. Vipindi 36 vya saa moja ni saa 36. Kwa duka linalofunguliwa saa kumi kwa siku, hizo hazifiki siku nne za biashara, zikiwa zimegawanywa katika wiki 12. Mwenye duka anayesema hana nafasi hiyo alinganishe na siku alizokaa wodini mara ya kwanza, na aangalie daftari la mauzo la wiki hizo.